Kwa nini Chumbe hakina kisima: jiwe, mvua na mwamba wa kisiwa kidogo

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari mkoani Morogoro. Anaandika kwamba alipokuwa akifundisha mada ya visiwa, wanafunzi wake walisoma kuwa kisiwa cha Chumbe, kusini magharibi ya mji wa Zanzibar, hakina mto, chemchemi wala kisima, lakini kimefunikwa na msitu mnene na kina nyumba za kulaza wageni. Mwanafunzi mmoja akanyosha mkono: “Sasa hiyo miti inakunywa nini, na kwa nini wasichimbe kisima?” Mwalimu alijibu kadiri alivyoweza, ila anaomba maelezo kamili, na anaongeza wasiwasi wake mwenyewe: kisiwa kidogo kiasi hicho kinapokeaje watalii mwaka baada ya mwaka bila kuharibika?

Mwalimu, huyo mwanafunzi amelishika jambo kwenye shina lake. Ukishajua kwa nini Chumbe hakina kisima, umejua karibu kila kitu kingine kuhusu kisiwa hicho: kwa nini miti yake ni mifupi na majani yake magumu, kwa nini vyoo vyake havitumii maji, kwa nini nyumba za wageni ni saba tu, na kwa nini mwamba wa matumbawe ulioko upande wake wa magharibi ungali hai. Wasiwasi wako na swali lake ni kitu kimoja, kwa kuwa vyote viwili vinatokana na tabia ya jiwe. Kwa hiyo nitaanza na jiwe na kukaa hapo kwa muda, kisha ndipo nije kwa watalii.

Chumbe ni kisiwa chembamba kilichojilaza kwenye mkondo wa bahari unaotenganisha Unguja na Tanzania Bara, na ukiondoka Mbweni ya Unguja kwa mashua ya injini unafika kabla saa nzima haijaisha. Urefu wake unazidi kidogo kilomita moja, na pale kilipo kipana ni kama mita 300. Hakina kilima wala bonde, na hakina udongo wa kuingiza jembe. Kisiwa chote, kuanzia ukingo wa bahari hadi katikati ya msitu, ni tumbawe la kale lililogeuka jiwe. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto na bahari ilisimama mita kadhaa juu kuliko ilivyo leo, na hapo unapotembea leo kati ya miti palikuwa mwamba ulio chini ya maji, wenye samaki, kaa na chaza. Baadaye dunia ikapoa, maji mengi yakagandishwa kuwa barafu kwenye ncha za dunia na katika nchi za kaskazini, na bahari ikashuka. Miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa takriban mita 120. Mkondo wa Zanzibar hauna kina hicho, kwa hiyo wakati ule Unguja ilikuwa sehemu ya bara na Chumbe kilikuwa kijilima cha mawe kwenye uwanda mkavu. Pemba ilibaki kisiwa, kwa kuwa mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi, uwanda ukazama, na kile kijilima kikabaki kichwa juu.

Haya huhitaji kuyaamini kwa maandishi tu. Katika njia za msituni yamo magamba ya chaza wakubwa, mapana kuliko viganja viwili vilivyokunjuliwa, yakiwa yamebanwa ndani ya jiwe katika mkao uleule waliokufa nao. Mahali pengine jiwe lina mistari na vijumba vilivyopangana kama sega la nyuki, na hayo ni makazi ya wadudu wa matumbawe wenyewe, yaliyobaki wazi kana kwamba bahari imeondoka juzi. Ukiwaonyesha wanafunzi kitu hicho kimoja, somo zima la kupanda na kushuka kwa bahari linakaa vichwani mwao.

Sasa, jiwe la namna hii ni chokaa, na mvua, ambayo ina asidi kidogo kwa sababu ya hewa inayopita ndani yake na majani yaliyooza ardhini, huila chokaa polepole. Kwa maelfu ya miaka imelitoboa jiwe la Chumbe matundu, nyufa, mashimo na mapango. Wazanzibari huiita ardhi ya aina hii maweni au uwanda, na wakulima wake wanajua vizuri kwamba hailimwi kama ardhi ya udongo wa upande wa magharibi wa Unguja, kule kwenye mikarafuu, minazi na chemchemi ambazo Sultani Barghash alizivutia mabomba kuleta maji mjini katika karne ya 19. Siku moja nilimimina nusu ndoo ya maji juu ya jiwe kama hilo mbele ya kundi la wanafunzi. Maji hayakutiririka upande wowote, na kabla hatujahesabu hadi kumi hayakuwapo tena. Pakabaki doa la unyevu tu, nalo likakauka tukiwa bado tumeliinamia. Hivyo ndivyo mvua inavyokifanyia kisiwa kizima. Hakuna mto kwa sababu hakuna maji yanayobaki juu ya ardhi muda wa kutosha kutafuta njia.

Mwanafunzi wako atasema: basi maji yamekwenda chini, na tuyafuate huko kwa kisima. Hoja yake ni nzuri, na katika visiwa vikubwa ni ya kweli. Maji ya mvua yanayozama hukuta jiwe la chini limekwisha jaa maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake na kufanya tabaka lililo nene katikati ya kisiwa na jembamba kuelekea pwani, mfano wa dengu iliyolazwa. Tofauti ya uzito ni ndogo, kama sehemu 25 katika 1,000, na kutokana na tofauti hiyo hesabu hutoa jambo la ajabu: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 zilizozama chini yake. Ndiyo maana vijiji vya maweni vya kusini na mashariki ya Unguja vina visima na mapango ya maji, ingawa hakuna mto karibu.

Lakini hesabu hiyo inataka kisiwa chenye upana. Chumbe, kwa upana wake wa mita 300, hakina mahali ambapo mtu amesimama mbali na bahari kwa zaidi ya mita 150 hivi. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hupanda na kupwa kuliko siku nyingine, bahari ya huku hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, mara mbili kila siku, na kila inapopanda husukuma maji ya chumvi ndani ya matundu ya jiwe na kila inaposhuka huyavuta nje. Jiwe linapumua bahari. Maji matamu hayapati utulivu wa kujikusanya. Huchanganyika na kuondoka nayo. Ukichimba kisima hapo utapata maji, na maji hayo yatakuwa ya munyu.

Hata kwenye ardhi pana zaidi tabaka hili halitaki pupa. Niliwahi kutembelea hoteli moja katika pwani ya mashariki ya Unguja ambayo kisima chake, walipokichimba, kilitoa maji matamu kabisa, na mwenyeji wangu alikuwa akijivunia chai yake. Pampu ilivuta mchana na usiku kwa ajili ya bafu, bustani na bwawa la kuogelea. Niliporudi baada ya misimu michache chai ilikuwa na ladha ya chumvi, na wanawake wa kijiji jirani walikuwa wameacha kuchota kwenye kisima chao cha zamani, wakawa wanangojea maji yaletwe na gari. Hesabu ileile ya moja kwa 40 hufanya kazi kinyumenyume: ukishusha maji matamu mita moja kwa pampu, chumvi iliyo chini hujiandaa kupanda mita 40. Kwenye kisiwa kama Chumbe, ambako hakuna mita hizo za kupoteza, kosa hilo lisingechukua hata msimu mmoja.

Miti, basi, inakunywa nini? Inakunywa mvua, ila inaikamata njiani. Upande huu wa Zanzibar hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi zikianguka wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli, kuelekea mwisho wa mwaka. Mvua hiyo si haba. Tatizo ni kuishika, na msitu wa Chumbe umejifunza kuishika kwa kujitengenezea birika lake. Majani yanayoanguka hujaa kwenye nyufa za jiwe, huoza, hugeuka tope jeusi kama sifongo, na mizizi hutambaa juu ya jiwe, wakati mwingine hatua nyingi kutoka kwenye shina, ikitafuta ufa wenye tope hilo. Mlandege hushusha mizizi yake kutoka matawini hadi ipate tundu la kuingia. Mbuyu huweka akiba ndani ya shina. Miti mingine ina majani mazito yenye nta yasiyotoa maji ovyo, na mingine huyapukutisha wakati wa kiangazi. Kwa hiyo unene wa msitu huo haumaanishi kwamba pana maji tele chini. Msitu wenyewe ndio unaoshika maji, na ukiukata, lile tope jeusi linasombwa na mvua ya kwanza na kuzama kwenye matundu, na hakuna udongo mwingine wa kushika mahali pake. Hii ndiyo sababu msitu wa maweni ukishafyekwa hurudi kwa shida kubwa, na ndiyo sababu wageni wa Chumbe hutakiwa kutembea kwenye njia zilizowekwa na kutoyasogeza majani.

Wanyama wa kisiwa wamefuata desturi hiyohiyo. Paa nunga, paa mdogo mwekundu anayepatikana Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu, aliletwa Chumbe mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu kwingineko amewindwa na misitu yake imefyekwa. Maji yake mengi huyapata kwenye majani, maua na matunda yanayoanguka kutoka juu. Kaa wa nazi ndiye ninayempenda zaidi. Ni kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu duniani, aweza kufikia kilo nne, na ana kucha za kuvunjia nazi. Huanza maisha baharini akiwa kijidudu kinachoelea, kisha hupanda nchi kavu, na akishakuwa mkubwa ukimtupa baharini atazama afe. Anapumua hewa, lakini viungo vyake vya kupumulia lazima viwe na unyevu, kwa hiyo mchana hujificha ndani ya matundu ya jiwe na usiku hutoka. Ukikaa kimya gizani utamsikia kabla hujamwona: mkwaruzo wa miguu juu ya majani makavu, kisha kimya, kisha mkwaruzo tena karibu zaidi. Jiwe lilelile lisiloshika maji humpa mashimo yenye ubaridi na unyevu wa kumwezesha kuishi. Katika visiwa vingi vyenye watu ameliwa akaisha. Chumbe bado wapo wa kutosha, na panya waliokuwa wakikisumbua kisiwa waliangamizwa mwaka 1997.

Mwalimu, naomba usipite haraka hapa, kwa sababu ndipo historia inapoingia. Watu hawakuwahi kujenga kijiji Chumbe. Mwaka 1904 Waingereza walijenga mnara wa taa wa kuongozea meli zinazoingia bandari ya Zanzibar, na kwa miaka mingi wakazi wa kisiwa walikuwa watunzaji wa mnara, na msikiti wao mdogo ungalipo hadi leo. Ukosefu wa maji ndio uliokuwa mlinzi wa kwanza wa msitu: pasipo kisima hapana shamba, wala mbuzi, wala tanuri la chokaa. Mwamba wa magharibi nao ulilindwa na jambo jingine kabisa, kwamba uko kando ya njia ya vyombo vinavyokwenda na kutoka Dar es Salaam, na uvuvi haukuruhusiwa upande huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati baruti na juya, yaani nyavu za kukokota, zilipokuwa zimekwisha vunja miamba mingi ya pwani yetu, huu ulikuwa umebaki mzima kwa bahati tu. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza rasmi kuwa hifadhi ya bahari, na msitu kuwa hifadhi ya msitu, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni iliyoanzishwa na Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar. Ni mwaka mmoja kabla ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia kuanzishwa. Walinzi wa kwanza walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya karibu, na hawakupewa silaha. Kazi yao ilikuwa kusogeza ngalawa karibu na mvuvi mwenzao na kumweleza kwamba samaki wanaokulia ndani ya mpaka hutoka nje ya mpaka, naye atawapata huko. Naamini uamuzi huo mmoja uliokoa mambo mengi, kwa kuwa mvuvi humsikiliza mtu anayejua kutanda jarife kuliko anavyomsikiliza mtu mwenye bunduki.

Nyumba za wageni zilijengwa kwa hesabu ya mvua. Kila moja ina paa kubwa la makuti lililopindwa ili kukusanya maji, ambayo huchujwa na kuhifadhiwa katika birika lililo chini ya sakafu, na mgeni huoga na kunawa kwa mvua iliyoanguka juu ya kichwa chake. Hesabu yake unaweza kuifanya darasani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua paa la mita za mraba 80 na mvua ya milimita 1,500. Hiyo ni lita 120,000 kwa mwaka. Toa robo kwa ajili ya yanayofyonzwa na makuti, yanayorukia nje na yanayokauka, zibaki 90,000, yaani kama lita 245 kwa siku. Watu wawili wanaishi kwa raha. Lakini mvua haiji kila siku. Ikiwa miezi miwili itapita kavu, birika lazima liwe na lita kama 15,000 kabla kiangazi hakijaanza. Ongeza watu wawili katika nyumba hiyohiyo, au bomba la bustani, na hesabu inavunjika. Hapa ndipo jibu la wasiwasi wako linapoanza: idadi ya vitanda Chumbe ilipangwa kwa kuangalia anga na paa, na soko la utalii halikupewa nafasi ya kuiamua.

Kupata maji ya kuingia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ambayo wajenzi wengi wa pwani huisahau, ni maji yanayotoka. Kumbuka ile nusu ndoo iliyopotea kabla ya kuhesabu hadi kumi. Kama ingekuwa maji ya choo, yangekwenda wapi? Yangepita kwenye jiwe bila kuchujwa na udongo wowote na kutokea kwenye mwamba wa matumbawe, mita chache kutoka hapo, huenda kwa kupwa kwa siku hiyohiyo. Shimo la choo kwenye jiwe la tumbawe ni bomba la kwenda baharini, hata kama mwenye nyumba halioni.

Matumbawe hayataki mbolea. Mdudu wa tumbawe hulisha mwili wake kwa msaada wa mimea midogo sana inayoishi ndani ya ngozi yake, ikitengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na kwa hiyo huhitaji maji maangavu na masafi, yenye virutubisho kidogo. Ukiyapelekea naitrojeni na fosforasi kutoka vyooni, mwani wa kawaida ndio unaonenepa. Mwani hukua kwa wiki. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Lile lenye kimo cha mita moja unaloelea juu yake pale Chumbe lilianza miaka mia hivi iliyopita, wakati Zanzibar ikitawaliwa na Sultani Khalifa bin Haroub, na mwani unaweza kulifunika katika msimu mmoja.

Kwa sababu hiyo vyoo vya Chumbe ni vya mboji. Havivuti maji kabisa: kinachoingia huchanganywa na majani makavu ya msituni, hewa hupitishwa ndani, na vijidudu hufanya kazi yao hadi kibaki kitu kama udongo. Wageni wengi husita wanaposikia habari hiyo. Niliwahi kufunguliwa sanduku la mboji iliyoiva, kwenye choo cha aina hiyo, na nikachukua kiasi kwenye kiganja: ilikuwa nyeusi, nyepesi, yenye vipande vya majani visivyomalizika, na harufu yake ilikuwa ya msitu baada ya mvua. Maji ya bafu nayo hayaachwi yapotelee kwenye jiwe, bali huelekezwa kwenye vitalu vya mimea vinavyoyanywa pamoja na virutubisho vyake. Umeme ni wa jua, na njia za msituni haziwekewi taa usiku, kwa hiyo mgeni hutembea na tochi na kaa wa nazi huendelea na shughuli zake.

Labda darasani utaulizwa kwa nini wasisafishe maji ya bahari kwa mitambo, kama wafanyavyo Maldivi. Inawezekana, na Malé, mji mkuu wa nchi hiyo, hauna njia nyingine, kwa kuwa maji matamu yaliyokuwa chini yake yalikwisha kwa kuvutwa kupita kiasi. Lakini mitambo hiyo inataka nishati nyingi, inatoa maji mazito ya chumvi yanayotakiwa kutupwa mahali, na siku ikisimama hakuna akiba. Desemba 2014 moto uliunguza sehemu ya mtambo wa Malé, na mji wenye watu zaidi ya 100,000 ukaletewa maji ya kunywa kwa ndege na meli kutoka nchi jirani. Kisiwa kidogo chenye birika lililojaa hakina haja ya kuingia kwenye hatari hiyo, mradi kinakubali kubaki na watu wachache.

Na uchache huo, Mwalimu, una gharama yake, ambayo sitaificha. Nyumba saba haziwezi kuendesha hifadhi nzima, kulipa walinzi na kuleta wanafunzi bila kuwatoza wageni fedha nyingi, kwa hiyo wengi wanaolala Chumbe hutoka nje ya nchi, na Mtanzania wa kawaida atakiona kisiwa kile kwa mbali tu, kutoka kwenye boti ya Dar es Salaam. Jambo hilo linaniuma. Kinachopunguza uchungu ni kwamba sehemu ya fedha hizo huleta wanafunzi wa shule za Zanzibar kwa safari za siku moja. Nimewaona wasichana waliokulia hatua mia kutoka baharini, ambao hawakuwahi kutia uso ndani ya maji, wakivaa koti la kujiokoa juu ya nguo zao na kushika boya la mwalimu. Mmoja alitia uso, akautoa haraka, akatia tena, na safari ile ya pili hakuutoa hadi alipovutwa mguu. Alipoulizwa ameona nini alisema, “Kumbe wanakula jiwe.” Alikuwa amewaona pono wakimega mwamba kwa meno yao, na mchanga mweupe aliokuwa amesimama juu yake sehemu yake kubwa hutoka matumboni mwa samaki hao.

Mwambani kwenyewe masharti ni ya kawaida lakini yanasimamiwa kweli. Wageni huogelea juu wakiwa na miwani na kiongozi, bila mitungi ya hewa, hawasimami juu ya matumbawe na hawachukui hata gamba. Hapo zimeonekana zaidi ya aina 400 za samaki, na sehemu kubwa ya mwamba iko kwenye maji ya kina kifupi, ambako teke moja la pezi la kuogelea linaweza kuvunja kazi ya miaka kumi. Mwili ufunikwe kwa fulana badala ya kupakwa mafuta ya kuzuia jua, kwa kuwa baadhi ya kemikali zake hudhuru matumbawe.

Yapo mambo ambayo kisiwa hakiwezi kuyazuia kwa choo wala kwa mlinzi. Bahari ikipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, tumbawe hutapika ile mimea yake midogo, hupauka likawa jeupe, na joto likiendelea hufa kwa njaa. Mwaka 1998 hali hiyo iliikumba Bahari ya Hindi kwa nguvu, na mwaka 2016 ikarudi. Chumbe kiliguswa mara zote mbili. Tofauti iko kwenye kupona. Mwamba wenye maji masafi na pono wengi wa kula mwani huwaachia watoto wa matumbawe jiwe safi la kujishikiza, lakini ule uliokwisha kulishwa maji machafu hufunikwa na mwani kabla watoto hao hawajafika. Kwa hiyo vile vyoo vina kazi hata katika habari ya joto la dunia.

Ukifanikiwa kuwaleta wanafunzi wako, pangeni safari kwa mwezi wa angani kabla ya kupanga kwa kalenda ya shule, na mjiepushe na masika, ambapo bahari huchafuka na kisiwa hufungwa kwa wageni. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili zinazofuata, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hapo mtaweza kutembea kwenye madimbwi ya mawe chini ya ukingo na kuona jinsi mawimbi na konokono walivyoukata mwamba kwa chini. Siku za maji mafu, yaani siku ya saba na ya nane ya mwezi wa angani, au ya ishirini na mbili na ya ishirini na tatu, saa hizohizo bahari huwa imejaa na mkondo ni mdogo, na hapo ndipo pa kuwatia watoto wasiojua kuogelea juu ya mwamba bila miguu yao kugusa kitu. Mkipata siku moja tu, mimi ningechagua maji mafu. Na bebeni ndoo.